Ajizi ni Nyumba ya Njaa: Mwanafunzi wa Fasihi mbele ya Picha, Kamera na Filamu

Utangulizi

Hali ifuatayo si ngeni kwa wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Msimamizi amekwisha kuitaka sura ya pili ya tasnifu. Mwanafunzi yuko likizoni nyumbani kwao Ndhiwa, katika Kaunti ya Homa Bay; chai imekwisha kunywewa, riwaya i mezani, na kifurushi cha data, au bando kama wengi tulivyozoea kukiita, kimekwisha kununuliwa. Anaamua kutafuta picha moja tu ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ili ayaelewe vyema mandhari ya riwaya anayoichambua. Picha hiyo inamwelekeza kwa nyingine, na hiyo nyingine kwa ya tatu. Kisha yanafuata mahojiano na mwelekezi wa filamu, kisha maelezo kuhusu kamera iliyotumika. Jua linapozama nyuma ya vilima vya Gwassi, bando limekwisha, simu inakaribia kuzimika, na sura ya pili ingali na kichwa chake tu.

Makala haya yanalenga kuifafanua hali hiyo. Yanajibu maswali matatu. Kwanza, ajizi ni nini hasa, na inatofautianaje na kuahirisha? Pili, kwa nini picha za mtandaoni, kamera na filamu humnasa mwanafunzi wa fasihi kwa urahisi kuliko vishawishi vingine? Tatu, ni wakati gani kutazama kunakuwa sehemu ya kazi, na ni wakati gani kunakuwa njia ya kuikimbia? Maswali haya yana uzito kwetu. Katika familia nyingi za Ndhiwa na za jirani zetu wa Migori, karo ya uzamili hutokana na miwa au ng'ombe aliyeuzwa. Kila muhula unaoongezeka una gharama yake, na ng'ombe aliyekwisha kuuzwa harudi zizini.

Ajizi na Kuahirisha: Maneno Mawili, Mambo Mawili

Ni vyema kuanza na lugha yenyewe. Neno ajizi lina asili ya Kiarabu, na katika lugha hiyo mzizi wake unahusu kutoweza au kushindwa. Mzizi huo huo ndio uliotupa neno muujiza, yaani jambo linalomshinda binadamu kulitenda au kulieleza. Katika Kiswahili, ajizi imepata maana ya ulegevu na uzembe, ndiyo maana wahenga wakasema kuwa ajizi ni nyumba ya njaa. Hata hivyo, maana ya asili haifai kusahauliwa. Inatudokezea kwamba anayeonekana mvivu huenda ni mtu aliyejiona ameshindwa kabla ya kuanza.

Kitenzi ahirisha nacho kinatokana na mzizi wa Kiarabu unaohusu mambo ya mwisho au ya baadaye, mzizi uliotupa pia neno ahera. Kuahirisha ni kitendo cha kawaida katika maisha ya kitaasisi: mkutano huahirishwa, kesi huahirishwa, mtihani huahirishwa. Anayeahirisha ipasavyo huwa na sababu na hutaja siku mpya. Mwenye ajizi hana siku mpya. Ana neno kesho tu, na asipojihadhari kazi yake itangoja ahera kwelikweli.

Tofauti hii inashabihiana na ile inayotolewa na wanasaikolojia. Piers Steel, katika uchunguzi wake wa mwaka 2007 uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi, anaieleza ajizi kuwa ni kuchelewesha kwa hiari jambo ambalo mtu alikusudia kulitenda, ilhali anatarajia kwamba kuchelewa huko kutamdhuru. Kiini cha fasili hiyo ni kujua. Aliyeahirisha kwa kutojua madhara hana ajizi, na aliyezuiliwa na ugonjwa hana ajizi. Mwenye ajizi anajua, na bado anachelewa. Steel anataja makadirio kwamba kati ya asilimia 80 na 95 ya wanafunzi wa vyuo huwa na tabia hii kwa kiwango fulani. Kwa hiyo mwanafunzi anayejidhania kuwa peke yake katika jambo hili ana wenzake wengi.

Huenda msomaji akauliza: je, wahenga hawakusema pia kuwa subira huvuta heri? Mkulima wa miwa wa Ndhiwa anaweza kutujibu. Muwa uliopandwa huhitaji miezi kama 18 hivi kukomaa, na kuukata mapema ni hasara. Huko kungoja ni subira. Lakini muwa uliokomaa ukiachwa shambani kupita wakati wake hupungukiwa na sukari, na uliokwisha kukatwa ukilala siku kadhaa kabla ya kufikishwa kiwandani hupoteza utamu na uzito. Huko kungoja ni ajizi. Wazo la tasnifu nalo lina kipindi chake cha kukomaa. Mwanafunzi anayesoma, anayeandika vidokezo na kutafakari kwa majuma mawili kabla ya kuandika ana subira. Yule ambaye vidokezo vyake vimekuwa tayari tangu Januari na hajaandika aya hata moja kufikia Mei, muwa wake umelala kando ya barabara.

Chanzo cha Ajizi

Kwa muda mrefu ajizi imeelezwa kama udhaifu wa tabia au kukosa ratiba. Tafiti za karibuni zimeelekea upande mwingine. Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, katika makala yao ya mwaka 2013, wanashikilia kwamba ajizi ni namna ya kurekebisha hisia kwa muda mfupi. Kazi iliyo mbele ya mwanafunzi inamtia hofu, inamchosha, au inamkumbusha asichokijua. Akiiacha na kutazama picha, hofu hiyo hutulia papo hapo. Akili hujifunza kuwa kutazama picha ni dawa, na kesho yake huitafuta dawa ile ile.

Nafuu hiyo ina deni lake. Dianne Tice na Roy Baumeister walichapisha mwaka 1997 utafiti uliowafuatilia wanafunzi wa chuo kikuu katika muhula mmoja. Mwanzoni mwa muhula, wanafunzi wenye ajizi walikuwa na msongo mdogo wa mawazo kuliko wenzao. Mwishoni mwa muhula mambo yaligeuka: msongo wao ulizidi, maradhi yao yaliongezeka, na alama zao zilikuwa za chini. Kwa jumla, taabu waliyoiokoa mwanzoni ilikuwa ndogo kuliko taabu waliyoilipa mwishoni.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, hofu hiyo ina sura maalumu. Sura ya pili ya tasnifu, inayohusu mapitio ya maandishi na nadharia, humtaka aingie katika mazungumzo na wataalamu waliomtangulia. Mwanafunzi aliyelelewa katika Kijaluo, akajifunza Kiswahili darasani, hujikuta akiandika kuhusu riwaya yenye Kiswahili cha Unguja, itakayosomwa na wahadhiri walioibobea lugha hiyo. Si ajabu akajiona ajizi kwa maana ile ya asili, yaani asiyeweza. Na hapo picha, ambayo haimdai sarufi wala istilahi, humkaribisha kwa ukarimu mkubwa.

Picha za Mtandaoni

Lingekuwa kosa kuzishutumu picha zote. Kwa msomaji aliyekulia mbali na pwani, picha ni msaada mkubwa. Anayesoma riwaya ya Zanzibar bila ya kuwahi kuona baraza la nje ya nyumba, jahazi lililotandaza tanga, au uchochoro wa Mji Mkongwe, husoma maneno ambayo vivuli vyake havijamfikia. Katika mji huo huo kuna studio ya picha iitwayo Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ambayo kazi zake zimehifadhi sura za Wazanzibari wa enzi za ukoloni: watu katika mavazi yao ya heshima, mitaa, na shughuli za siku. Mwanafunzi anayeichambua riwaya inayohusu miaka ya 1950 akizitazama picha za aina hiyo atayaelewa mavazi, nyumba na matabaka ya wahusika kwa namna ambayo kamusi peke yake haiwezi kumpa.

Hata huku kwetu tuna hazina. Picha ambazo mwanaanthropolojia Evans-Pritchard alizipiga miongoni mwa Wajaluo mwaka 1936 zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford, na nyingi zimewekwa mtandaoni. Mwaka 2007 baadhi ya picha za kale za makumbusho hayo zilirudishwa Nyanza katika maonyesho yaliyopewa jina la Kijaluo, Paro Manene, yaani kuyakumbuka ya zamani. Aidha, Thimlich Ohinga, ngome ya mawe yaliyopangwa bila ya kuunganishwa kwa udongo wala saruji katika Kaunti ya Migori, iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, na tangu hapo picha zake zimeenea. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hawezi kuambiwa asizitazame.

Tatizo basi liko wapi? Liko katika umbo la mahali picha zinapopatikana. Kitabu kina ukurasa wa mwisho, na albamu ya nyumbani ina jalada. Mkondo wa picha za mtandaoni hauna mwisho. Umeundwa ili kila picha ilete nyingine, na hakuna mahali ambapo mtazamaji huambiwa kuwa amefika. Kwa hiyo mpaka ambao hauko katika simu lazima uwe katika akili ya mtazamaji. Mpaka huo ni swali. Anayefungua simu akiwa na swali lililoandikwa kwenye daftari, kwa mfano, wanawake wa Unguja wa tabaka fulani walivaaje hadharani katika miaka ya 1950, atajua amepata jibu na ataifunga simu. Asiye na swali hawezi kupata jibu, na kwa hiyo hana sababu ya kuifunga.

Kamera

Kamera ina ujanja wake, kwa kuwa inafanana zaidi na kazi. Mwanafunzi anayetafiti masimulizi ya Kanyamwa kuhusu Gor Mahia, mganga mashuhuri ambaye jina lake lilichukuliwa na klabu ya kandanda iliyoanzishwa mwaka 1968, hana budi kwenda nyanjani. Hubeba simu yenye kamera, huwarekodi wazee, hupiga picha za nyumba, miti na njia. Anarudi na saa nyingi za sauti na mamia ya picha, naye huhisi kuwa amefanya kazi kubwa. Na kweli amefanya, ila nusu yake tu.

Inafaa tukumbuke kwamba katika Kiswahili picha hupigwa, kama vile ngoma, simu na pasi zinavyopigwa. Kupiga ni tendo la mara moja. Kinachofuata, yaani kunukuu, kutafsiri kutoka Kijaluo, kupanga na kufasiri, ni matendo ya polepole. Saa moja ya masimulizi yaliyorekodiwa huhitaji saa kadhaa za unukuzi, na zaidi ikiwa kuna tafsiri. Ndiyo maana wapo wanaorudi nyanjani mara ya pili na ya tatu kutafuta picha bora na sauti safi, ilhali zile za kwanza hazijasikilizwa hata mara moja. Kurudi huko kuna sura ya bidii, lakini ndani yake mna ajizi: mtafiti anakusanya ili asifasiri.

Lipo na jambo jingine la kimaadili. Mzee aliyesimulia alitoa muda na kumbukumbu zake akitarajia kwamba zitafika mahali. Masimulizi yaliyofungiwa ndani ya simu yanaweza kupotea siku simu itakapoibwa au kuharibika, na huenda wakati huo msimulizi mwenyewe ameshaaga dunia. Vilevile picha ambayo haikuandikiwa jina la mahali, tarehe na ridhaa ya aliyepigwa huwa haina thamani kubwa kwa mtafiti atakayekuja baadaye. Kwa hiyo kanuni nyepesi inafaa: asirekodi masimulizi mapya kabla ya kunukuu angalau sehemu ya yale ya jana, na kila picha iandikiwe maelezo yake jioni ile ile.

Filamu iliyotokana na Riwaya

Mfano mzuri kwa wakati wetu ni Vuta N'kuvute. Riwaya hii ya Shafi Adam Shafi ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Inamhusu Yasmin, msichana mwenye asili ya Kihindi aliyeozwa mume mzee, anayeiacha ndoa hiyo na kuingia katika maisha mapya, ambamo anampenda Denge, kijana anayepinga utawala wa Mwingereza Zanzibar. Filamu yenye jina hilo hilo, iliyoelekezwa na Amil Shivji, ilionyeshwa katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Toronto mwezi Septemba 2021, na mwaka 2022 Tanzania iliiteua kuiwakilisha katika kinyang'anyiro cha tuzo za Oscar.

Filamu kama hii humpa mwanafunzi sababu inayokubalika ya kuacha kusoma. Anajiambia kuwa hadithi ni ile ile, na kwamba saa moja na nusu itamwokolea siku tano. Wanafunzi wa shule za upili wanaijua hoja hiyo, kwani vikundi vya maigizo huzuru shule na kuigiza vitabu teule, na wapo wanaoingia katika chumba cha mtihani wakiwa wameona igizo bila ya kumaliza kitabu.

Hoja hiyo ina dosari ya kinadharia. Linda Hutcheon, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu uhawilishaji, anauchukulia uhawilishaji kuwa ni urudiaji ambao hauwi nakala. Riwaya husimulia, filamu huonyesha. Msimulizi wa riwaya anaweza kuingia katika fikra za mhusika, kurudi nyuma miaka kadhaa kwa sentensi moja, na kutoa maoni yake juu ya matukio. Kamera huona nje ya uso, na yaliyo moyoni lazima yatafutiwe ishara: mwanga, ukimya, muziki, mkono unaotetemeka. Aidha, ufinyu wa muda hulazimisha uteuzi. Mwelekezi hupunguza wahusika, huunganisha matukio, na huamua nini kipewe uzito. Kwa hiyo aliyeitazama filamu tu amesoma ufasiri wa Shivji, na ufasiri huo una thamani yake. Ila hajaisoma riwaya ya Shafi. Akiandika kuhusu usimulizi, taswira au tamathali za riwaya kwa kutegemea filamu, atakuwa anachambua kitu ambacho hakimo.

Hata hivyo, mwanafunzi aliyekwisha kuisoma riwaya anaweza kuigeuza filamu hiyo kuwa chombo cha kazi. Achague tukio moja tu lililomo katika matini zote mbili. Asome kurasa zake tena, kisha alitazame tukio hilo mara tatu akiwa na daftari. Mara ya kwanza aangalie nani anaona na tunaona kupitia kwa nani. Mara ya pili aangalie kilichoachwa na kilichoongezwa. Mara ya tatu afumbe macho asikilize sauti na muziki. Kufikia mwisho atakuwa na vidokezo vya aya mbili au tatu za uchambuzi linganishi. Filamu ile ile iliyokuwa ikimla siku sasa inampa kurasa.

Mapendekezo kwa Wanafunzi na Wahadhiri

Kwa wanafunzi, pendekezo la kwanza linatokana na kazi ya Peter Gollwitzer ya mwaka 1999, ambayo inaonyesha kwamba nia iliyofungwa kwa wakati na mahali hutekelezwa kuliko nia ya jumla. Kauli kwamba juma hili nitaandika sura ya pili ni nia ya jumla. Kauli kwamba kesho, nikimaliza chai ya asubuhi, nitakaa chini ya mwembe na kuandika aya moja kuhusu dhana ya uhawilishaji, ni nia iliyofungwa. Pendekezo la pili ni kwamba kutazama kuwekwe baada ya kuandika, na kila mara kutanguliwe na swali. La tatu linahusu msamaha. Michael Wohl na wenzake waligundua mwaka 2010 kwamba wanafunzi waliojisamehe kwa ajizi yao kabla ya mtihani wa kwanza walikuwa na ajizi ndogo zaidi kabla ya wa pili. Hili linaafikiana na hoja ya hisia: anayejilaumu sana huiongezea kazi uchungu, na uchungu ndio uliomkimbiza tangu awali.

Kwa wahadhiri wetu, kwa heshima zote, yapo nao ya kuzingatiwa. Dan Ariely na Klaus Wertenbroch walionyesha mwaka 2002 kwamba wanafunzi waliopangiwa tarehe za mwisho zenye kupishana sawasawa walipata alama bora kuliko walioachiwa uhuru wa kujipangia. Msimamizi anayesema niletee tasnifu ikiwa tayari humpa mwanafunzi uhuru ambao wengi hawawezi kuutumia. Anayesema niletee kurasa tano Ijumaa, hata zikiwa na makosa, humpunguzia hofu na humpa siku mpya, ile inayotofautisha kuahirisha na ajizi. Vilevile, kurasa hizo zikipokewa kwa masahihisho yanayoeleweka na kwa wakati, mwanafunzi hujifunza kwamba kuandika vibaya kunaweza kurekebishwa.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba ajizi ni ucheleweshaji wa hiari unaofanywa na mtu anayejua hasara yake, na kwamba mara nyingi chanzo chake ni hofu ya kushindwa. Yamebainisha pia kuwa picha, kamera na filamu humnasa mwanafunzi wa fasihi kwa sababu ziko jirani sana na kazi yake halali, hivi kwamba mpaka kati ya utafiti na ukimbizi hauonekani kwa urahisi. Mpaka huo unaweza kuchorwa kwa mambo matatu: swali linalotangulia, maandishi yanayofuata, na tarehe inayojulikana. Pale yanapokuwapo yote matatu, mwanafunzi na atazame. Yanapokosekana, heri aifunge simu na aandike sentensi moja, hata ikiwa mbovu, kwani msimamizi anaweza kusahihisha sentensi mbovu, na ukurasa mtupu haumpi cha kusahihisha.